Michezo ya vikundi inayowasemesha wanafunzi wa Kihispania

Chukua darasa la wanafunzi 24 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu akiwauliza mmoja mmoja, hata asipopumzika, kila mtu anapata chini ya dakika mbili za kusema, na muda uliobaki anautazama ubao. Wakikaa wawili wawili kwa dakika 20, kila mmoja anaweza kusema hadi dakika kumi. Kwa sababu hiyo naitetea michezo, hasa kwetu Mbeya na Iringa, ambako ni nadra mwanafunzi kukutana na msemaji wa Kihispania nje ya darasa.

Ila si kila mchezo unasemesha. Kabla ya kuuchagua najiuliza: mwanafunzi anaweza kuumaliza akiwa kimya? Kama anaweza, atafanya hivyo. Bingo inazoesha masikio, lakini anayesema ni mwalimu peke yake. Mchezo unaosemesha humpa mmoja habari ambayo mwenzake hana na anaihitaji.

Mchezo wa soko unatimiza sharti hilo vizuri kuliko yote ninayoitumia. Wanafunzi wanane wawe wauzaji, 16 wanunuzi. Kata kadi za boksi. Kila muuzaji awe na bidhaa nne na bei zake: papas (viazi), cebollas (vitunguu), aguacates (maparachichi), arroz (mchele), plátanos (ndizi). Bei zitofautiane, parachichi 500 kwa huyu na 800 kwa yule, na upande huohuo uandike bei ya mwisho anayoruhusiwa kushukia. Mnunuzi apewe orodha ya vitu vinne na shilingi 15,000 za karatasi. Anayekamilisha orodha na kubaki na chenji kubwa ndiye mshindi, kwa hiyo lazima aulize kwa zaidi ya muuzaji mmoja. Mzunguko ni dakika nane. Ikichezwa mizunguko mitatu, kila mtu atakuwa ameuza mara moja.

Ubaoni ziandikwe sentensi tano: ¿Tiene papas? (Una viazi?) ¿Cuánto cuesta el kilo? (Kilo ni bei gani?) Está muy caro (Ni ghali sana). ¿Me lo deja en dos mil? (Utaniachia kwa elfu mbili?) Me llevo dos kilos (Nachukua kilo mbili). Baada ya mzunguko wa kwanza futa nusu, na kabla ya wa tatu futa zote. Usiruke hatua hii. Mwanafunzi akiachiwa ubao hadi mwisho, anasoma tu, haongei.

Mambo mawili huua mchezo huu. La kwanza ni mnunuzi kuchungulia kadi au kuonyesha kwa kidole. Muuzaji aishike kifuani, na mnunuzi aweke mikono nyuma wakati wa kuuliza. La pili ni kupatana bei kwa Kiswahili, maana utamu wa kupatana ukikolea, Kihispania husahaulika. Anayeteleza apoteze shilingi 500 papo hapo.

Makosa utakayoyasikia yanatabirika. Wengi watasema "un mil" kwa kufuata elfu moja yetu, wakati Kihispania ni mil tu. Watasema "cincocientos" badala ya quinientos (mia tano). Watasema "usted tienes", kwa kuwa usted ni ya kumwambia mtu kwa heshima lakini kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu: usted tiene. Na naranja (chungwa) wataisoma kwa j ya "jana", ingawa sauti yake inakaribia kh ya "kheri". Usimkatize mtu katikati ya biashara. Andika makosa daftarini, kisha mwisho weka matano ubaoni bila majina, darasa lenyewe liyasahihishe.

Darasani kuna wanaoongea sana na wanaojificha nyuma yao. Hapo tumia maharage. Vikundi vya wanne, kila mtu punje tano, mada moja, kwa mfano chakula cha nyumbani. Ukisema sentensi kamili unaweka punje moja katikati. Zikiisha, unanyamaza hadi wenzako wote wamalize zao. "Sí" na "no" pekee hazihesabiki. Mwenye aibu hapa anasubiriwa, na kusubiriwa kunamsaidia kuliko kuhimizwa.

Kwa waongoza watalii wa Ruaha, wape kadi za wanyama zenye maneno matatu yaliyokatazwa. Mwenye jirafa (twiga) asitamke cuello (shingo), alto (mrefu) wala manchas (madoa). Atalazimika kuzunguka: es un animal que come hojas de los árboles (ni mnyama anayekula majani ya miti)… Mbinu hiyo ataihitaji porini neno likimpotea mbele ya mgeni.

Kuanzia Desemba hadi Machi, mvua ikipiga juu ya bati, mchezo wa soko haufai: watu wanane wakipaza sauti pamoja hakuna anayesikika. Siku hizo gawa wawili wawili, wakae magoti kwa magoti, na uwape kadi za wanyama au punje za maharage.