Kipandauso: maumivu yanapita wapi?

Mwenye kipandauso huambiwa mara nyingi kuwa ana mawazo mengi, au hanywi maji ya kutosha. Anaonewa. Huu ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu, na njia ya maumivu yake inajulikana.

Nyama ya ubongo yenyewe haihisi maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika ubongo, pamoja na mishipa ya damu iliyomo humo. Utando huo unafikiwa na nyuzi za neva ya tano ya kichwa, ambayo matawi yake mengine huenda jichoni na kwenye taya. Shambulio likianza, ncha za nyuzi hizo humwaga kemikali iitwayo CGRP, ambayo hutanua mishipa ya damu na kuwasha neva zaidi. Habari hiyo hushuka hadi shina la ubongo, mahali zinapokutana neva za uso na za shingo (ndiyo maana shingo nayo hukaza), kisha hupanda hadi talamasi, kituo cha kupitishia hisia kilicho ndani ya ubongo, na kutoka hapo hufika kwenye tabaka la nje la ubongo. Hapo ndipo mtu anapolihisi jicho likipwita.

Shambulio likiachwa saa kadhaa, seli za njiani nazo huwa nyepesi kushtuka. Utamwona mgonjwa anashindwa kupitisha kitana kwenye nywele. Hata mtandio mwepesi unamchoma. Dawa ya kutuliza imezwe kabla ya kufika hapo.

Kinga ni jambo jingine. Propranololi, dawa ya presha, na amitriptilini, dawa ya sonona, humezwa kila siku hata kichwa kisipouma, ili kupunguza wepesi huo wa kushtuka. Zinahitaji wiki kadhaa kuonyesha kazi, na wengi huziacha mapema mno. Mwenye pumu asipewe propranololi.

Mwaka 1990 watafiti Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kwamba CGRP hupanda katika damu itokayo kichwani wakati wa shambulio. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha erenumabu, sindano ya kila mwezi inayoziba kipokezi cha kemikali hiyo.

Nami nasisitiza hili kwa anayenunua vidonge vya maumivu dukani kila mara: ukivimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, vidonge vyenyewe vinaweza kukuletea maumivu ya kichwa. Mwambie daktari unataka dawa ya kinga.