Vita vya Vietnam kwenye filamu: helikopta zimetoka kwa nani?

Aliyevijua vita vya Vietnam kupitia filamu za Marekani anamfahamu zaidi askari wa aina moja: kijana aliyeingizwa jeshini kwa lazima, katota jasho msituni, anavuta bangi, na akili inaanza kumruka. Vijana wa namna hiyo walikuwepo. Lakini kati ya Wamarekani wapatao milioni 2.7 waliopelekwa huko, wengi walijiunga kwa hiari, na wengi walikuwa madereva, makarani, mafundi na wapishi.

Sisi tunaofundisha historia ya filamu huwahimiza watazamaji waulize kwanza: zana za kivita zilitoka kwa nani? “The Green Berets” (1968) ya mwigizaji John Wayne ilisaidiwa na jeshi la Marekani na kupigwa Fort Benning, jimboni Georgia. Askari wake hana shaka na vita hata chembe. Mwishoni jua linazama baharini Da Nang, ilhali pwani ile inatazama mashariki!

Mwongozaji Oliver Stone alipigana Vietnam mwenyewe, 1967 hadi 1968. Wizara ya Ulinzi ilipokataa kuisaidia “Platoon” (1986), alikwenda kuipiga Ufilipino. Kabla ya kamera kuwashwa, waigizaji walikaa msituni kama wiki mbili chini ya Dale Dye, kapteni mstaafu wa kikosi cha Marines, wakichimba mahandaki na kukosa usingizi. Uchovu ule wa nyusoni si wa kuigiza wote. Humo askari wanauana wao kwa wao na kuchoma kijiji. Hata hivyo Mvietnam anabaki kivuli kwenye majani.

Ndiyo maana nawasihi watu watafute filamu ya Kivietnam, “Cánh đồng hoang” (1979), ya mwongozaji Nguyễn Hồng Sến. Mume, mke na mtoto mchanga wanaishi kwenye mbuga za maji za Đồng Tháp Mười, kusini mwa Vietnam. Helikopta ikitokea, wanamtia mtoto kwenye mfuko wa plastiki na kuzama naye. Rubani Mmarekani anapouawa, tunaiona picha ya mkewe na mwanawe. Studio ilikuwa ya serikali ya Vietnam, kwa hiyo swali letu linaihusu nayo.

Anayekosa nafasi kote ni askari wa Vietnam Kusini, aliyepigana upande mmoja na Wamarekani. Walikufa zaidi ya 200,000, mara tatu na ushei ya Wamarekani. Hollywood humpitisha bila jina. Upande wa Hanoi, yaani Vietnam Kaskazini, ulimwita kibaraka.