Siku kama ya leo: tarehe moja hubeba mangapi?

Mpwa wangu anasoma kidato cha pili hapa Iringa mjini. Siku moja mwezi wa nane alipangiwa zamu ya kusoma mstarini kile kipengele wanachokiita "Siku kama ya leo". Jioni akaja nyumbani, daftari mkononi, hata viatu hajavua.

"Shikamoo mjomba. Kesho ni tarehe 17. Naomba unitafutie mambo yaliyotokea."

"Marahaba. Mambo gani?"

"Yoyote tu, bora yawe ya tarehe 17."

Hilo "yoyote tu" lilinikaa kichwani. Ndivyo wengi wetu tunavyoichukulia dhana hii: kapu la kutupia kila kilichotokea au kila aliyezaliwa tarehe fulani, mwaka wowote, nchi yoyote. Na kwa maana ya kawaida ndivyo ilivyo. Redio huisoma asubuhi kabla ya taarifa ya habari, magazeti huitengea kona yake, na kwenye simu zetu inafika hata kabla ya salamu.

Lakini litazame neno "kama". Hatusemi jambo lilitokea "siku ya leo" miaka mia iliyopita. Tunasema siku kama ya leo. Siku ikishapita imepita. Kinachorudi kila mwaka ni tarehe, yaani jina ambalo kalenda huipa siku. Hata jina la juma halirudi nayo, maana tarehe husogea siku moja mbele kila mwaka, na siku mbili ukipita Februari yenye siku 29. Tarehe 17 Agosti 1891 ilikuwa Jumatatu. Tarehe 17 Agosti 1945 ilikuwa Ijumaa.

Nimezitaja hizo mbili makusudi. Ile ya 1891 kwa mtu wa Iringa haihitaji kutafutwa, kwa sababu ndiyo siku ya Lugalo. Safu ya jeshi la Wajerumani, chini ya Emil von Zelewski, ilikuwa inapanda kuja Uhehe, nchi ya Wahehe, ikavamiwa njiani na mashujaa wa mtawala wao Mkwawa waliokuwa wamejificha, wengi wao wakiwa na mikuki. Vita vyenyewe havikuchukua muda. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na bunduki zao zikabaki mikononi mwa Wahehe. Ukitoka Iringa kwa barabara kuu ya Morogoro unapita pale pale, kuna mnara wa kumbukumbu ya Wajerumani waliokufa. Kambi ya Lugalo jijini Dar es Salaam imechukua jina lake huku kwetu.

Nikamtafutia na mengine ya tarehe hiyo. Mwaka 1945 Sukarno alitangaza uhuru wa Indonesia, siku mbili baada ya Japani, iliyokuwa imeikalia nchi hiyo, kutangaza kusalimu amri. Mwaka 1960 Gabon ilipata uhuru kutoka Ufaransa. Mwaka 1887, kule St. Ann's Bay, Jamaika, alizaliwa Marcus Garvey, aliyewaambia watu weusi waliotawanyika duniani kwamba Afrika ni yao. Piga hesabu kidogo: siku Zelewski anaanguka Lugalo, Garvey alikuwa mtoto anayetimiza miaka 4.

Je, kuna undugu hapo? Hakuna. Ni sadfa tupu. Hakuna aliyekaa Jakarta mwaka 1945 akasema ngoja tusubiri siku ya Wahehe. Ila sadfa nzuri inakusaidia kitu kimoja: inakupa kipimo. Ghafla unaona kwamba Mkwawa na Garvey, ambao vitabu vya shule huwaweka sura tofauti kabisa, waliwahi kuishi chini ya jua moja.

Kuna tarehe nyingine ambazo hazikukutana zenyewe, zilikutanishwa. Mfano ulio karibu ni 5 Februari. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. TANU ya Tanzania Bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, chama kipya kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, miaka 10 kamili baadaye. Hiyo si bahati. Tanganyika nayo ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Serikali hujua kwamba siku iliyokwisha kuingia kwenye mioyo ya watu haihitaji kutangazwa upya. Sasa chukua hiyo hiyo 5 Februari ukaulize vijana wa bodaboda pale Mwanjelwa, Mbeya, ni siku gani. Wengi watakujibu bila kufikiri: bethdei ya Ronaldo (1985) na Neymar (1992). Tarehe moja, tabaka mbili. Moja ilipangwa na kikao, nyingine ilipangwa na matumbo ya kina mama wawili, mmoja Ureno na mwingine Brazili.

Tarehe iliyonishangaza kuliko zote, hata hivyo, ni 28 Juni, na inaishia Kalenga, kijiji cha jirani na Iringa mjini.

Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe. Wiki chache baadaye Ulaya ikawaka, na vita ikafika mpaka huku. Tarehe 28 Juni 1919, miaka 5 kamili tangu risasi ya Sarajevo, Ujerumani ilitia saini Mkataba wa Versailles. Mkataba wenyewe ni mnene, umejaa mipaka, fidia na meli. Lakini ukifika kifungu cha 246 unakuta jambo dogo la kushangaza: ndani ya miezi 6 Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa kupelekwa Ujerumani.

Miezi 6 iligeuka miaka. Ni gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliyekwenda kulitafuta kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na mwaka 1954 fuvu likarudishwa Kalenga, likapokelewa na mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye aliongoza Bunge letu kama Spika kwa miaka mingi. Liko pale mpaka leo, ndani ya kioo, kwenye makumbusho madogo ambayo ukitoka mjini unafika kabla hujachoka kukaa garini.

Kwa hiyo mtu akisema "28 Juni, siku kama ya leo, mrithi wa kiti aliuawa Sarajevo", Mhehe ana haki ya kuongeza mstari wa pili. Na hapa si sadfa ile ya Garvey. Risasi ilileta vita, vita ikaleta mkataba, mkataba ukataja fuvu.

Sasa tuje kwenye kasoro za dhana yenyewe, maana kalenda si msingi imara kama inavyoonekana ikiwa imetundikwa ukutani.

Tarehe zinategemea umetumia kalenda ipi. Shakespeare na Cervantes huandikwa kwamba wote walikufa tarehe 23 Aprili 1616. Tuseme tarehe ni hiyo, ingawa ya Cervantes yaelekea ni siku aliyozikwa. Lakini Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda mpya ya Papa Gregori, iliyoanza 1582, ambapo baada ya tarehe 4 Oktoba watu waliamka tarehe 15. Uingereza iligoma mpaka 1752. Hivyo 23 Aprili ya Hispania na 23 Aprili ya Uingereza zilikuwa tarehe moja, ila siku mbili tofauti, zilizopishana siku 10. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi nayo yaliadhimishwa Novemba, kwa sababu hiyo hiyo. Kinyume chake ni Maulidi: tarehe 12 Mfunguo Sita haibadiliki kwa Waislamu, lakini kwenye kalenda ya ofisini inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka.

Hata siku inaanza lini si jambo la wote. Kwa hesabu ya Waswahili wa pwani, jua likizama siku mpya imeingia, ndiyo maana "usiku wa Ijumaa" wa bibi yako ni ule ambao karani angeuandika Alhamisi. Tumelizungusha tatizo kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", msemo ambao naona ni werevu kuliko saa yoyote ya ukutani.

Halafu kuna habari kuchelewa. Dunia inakumbuka 11 Novemba 1918 kuwa ndiyo siku Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Huku haikuisha siku hiyo. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, lilikuwa limepita Songea na nchi ya Wabena, likavuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, na taarifa zikamfikia siku mbili baadaye. Alisalimu amri rasmi tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Rukwa. Mpagazi aliyekuwa amebeba mizigo yake tarehe 20 alikuwa bado mpagazi wa vita.

Kwa waliozaliwa, mambo ni mepesi zaidi na ya kuchekesha zaidi. Watu hushtuka wakigundua wamechangia tarehe ya kuzaliwa na mtu maarufu, kana kwamba wamepewa cheo. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120. Ukigawa kwa siku za mwaka, una wenzako wapatao 169,000 wa bethdei moja nchini peke yake. Na si lazima uwatafute mbali. Wataalamu wa hesabu wanaonyesha kwamba watu 23 wakikaa pamoja, uwezekano wa wawili kuchangia tarehe unapita nusu, kwa sababu watu 23 hutoa jozi 253 za kulinganisha. Watu 23 ni Hiace ya Kihesa saa 12 jioni, ukihesabu na konda.

Babu yangu, lakini, angewavurugia hesabu hiyo. Yeye alizaliwa "mwaka wa nzige, mahindi yakiwa mabichi". Tarehe nyingine hakuwa nayo wala hakuihitaji, mpaka alipotakiwa kujaza fomu. Kwenye kitambulisho chake pakaandikwa 1 Julai, na wazee wenzake kadhaa wa kitongoji nao wakatoka na 1 Julai. Ukiangalia makaratasi utadhani kijijini kwetu kulikuwa na usiku mmoja wa ajabu wakunga hawakulala. Wajukuu humpigia simu siku hiyo kumpongeza, anaitikia, anashukuru, kisha anauliza, "Hivi leo ni nini?"

Hapo ndipo unaona tofauti ya "siku kama ya leo" na kumbukizi. Ya kwanza inahitaji kalenda tu. Kumbukizi inahitaji watu walioguswa: ndiyo maana 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, nchi hupumzika, wakati mamia ya matukio mengine ya 14 Oktoba hupita kimya.

Mpwa wangu nilimsimulia haya yote, mengine akayaandika, mengine akayapigia miayo. Usiku akanionyesha atakachosoma. Alianza na Lugalo, kisha Garvey na ile miaka yake 4, kisha Indonesia. Mwigizaji mmoja wa filamu wa Marekani niliyemtajia alikuwa amemfuta kwa kalamu nyekundu. Gabon alikuwa ameibakiza mwishoni.

"Na Gabon uliiona ina uhusiano gani?" nikamuuliza.

"Haina, mjomba. Mwalimu alisema yasipungue manne."