Deki ya CD inatafuna karanga? Weka wimbo wa kwanza, halafu wa mwisho

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Upanga kanipigia simu, namwambia shikamoo, hata marahaba hajamaliza ananiambia "kijana wangu, deki yangu inatafuna karanga". Hayo ndio maneno yake na nimeyabeba mpaka kwenye kichwa cha habari. Deki yenyewe sio hizi za kuokota mnadani, ni ya CD na SACD (zile CD za sauti ya hali ya juu zaidi), bodi aluminiamu tupu, kuinyanyua unavuta pumzi kwanza, aliinunua Ujerumani enzi zile anafanya kazi huko. Mzee anasikiliza usiku saa tano watu wakishalala, sauti ya chini kabisa, ndio maana katika ukimya ule kila kikohozi cha mashine anakisikia. Alishaipeleka kwa fundi mwingine, akabadilishiwa lenzi kwa hela ndefu, akarudi nayo nyumbani na karanga zake zilezile.

Mimi kabla ya kushika bisibisi namuuliza mteja kitu kimoja, ukizima ampilifaya kabisa ukaacha deki inazunguka, hiyo sauti bado unaisikia? Kama bado, basi haitoki kwenye spika, ni chuma au plastiki inagusa kitu ndani ya boksi. Kama imepotea, hiyo ni kesi nyingine, ya umeme na waya, na sio ya leo. Mzee akajaribu, karanga zikabaki.

Hatua ya pili ndio hasa imenifanya niandike, kwa sababu haigharimu hata senti na mafundi wengi wanairuka. CD haizunguki kama santuri. Santuri ukiweka mizunguko 33 kwa dakika ni 33 mwanzo mpaka mwisho, lakini CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, na leza inataka mstari wa data upite mbele yake kwa mwendo uleule muda wote, kama mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde. Kule katikati duara ni dogo kwa hiyo sahani inabidi ikimbie, kama mizunguko 500 kwa dakika, halafu kadiri leza inavyosogea nje mota inapunguza taratibu mpaka inafika kama 200 ukingoni. Sasa piga hesabu, 500 kwa dakika ni kama mara 8 kwa sekunde, na 200 ni kama mara 3. Kwa hiyo chukua CD ndefu, iliyojaa, dakika sabini na kitu (ya dakika 35 haikufai, inaishia njiani), cheza wimbo wa kwanza usikilize, halafu ruka mpaka wa mwisho. Kama "tikitikitikitiki" ya mwanzo imegeuka "tik, tik, tik" ya kivivu, basi mbaya wako anazunguka pamoja na sahani, na hapo unatafuta vitu vichache tu: sahani yenyewe, mota yake, kitako inapokaa, au kibanio kinachoikandamiza kwa juu. Kama sauti haijabadilika hata kidogo, ni mngurumo tu uleule, tena upo hata ukisimamisha CD, hiyo ni transfoma. Umeme wetu ni 50 Hz na transfoma inatetemeka mara mbili yake, yaani mara 100 kwa sekunde, mara nyingi ni skrubu imelegea au bati la mfuniko linaitikia, weka kiganja juu ya mfuniko ukandamize, ukisikia imetulia umeshajua pa kuanzia. Na kama ni "grrr" fupi ukiruka nyimbo tu kisha kimya, hiyo ni gia na reli ya leza, grisi ya zamani imeganda kama ukoko wa ugali, safisha kwa spiriti, paka mpya kidogo sana, kidogo kuliko unavyofikiria.

Kwenye SACD usishtuke, tabaka lake la SACD likisomwa sahani inazungushwa haraka zaidi ya mara mbili ya CD ya kawaida, kwa hiyo kaupepo kidogo ni halali yake. Linganisha CD kwa CD.

Haya turudi kwa mzee. Wimbo wa kwanza haraka, wa mwisho polepole. Nikabadilisha sahani nne, kwa sababu kuna sahani zimepinda, au mtu kabandika stika upande mmoja zikakosa mizani, lakini zote nne zikatafuna karanga. Nikafungua mfuniko (hapa angalizo, deki ikiwa wazi usiinamishe jicho juu ya lenzi, mwanga wa leza ya CD jicho halioni vizuri lakini unaumiza), nikachukua bisibisi ndefu, mpini nikaubana sikioni, ncha nikaigusisha kwenye fremu kona moja baada ya nyingine, daktari kabisa. Kwenye mota kimya kizuri. Kwenye daraja la bati linaloshikilia kibanio, karanga zikawa kama zinatafunwa ndani ya kichwa changu.

Kile kibanio ni kiduara chenye sumaku. Trei ikiingia kinashuka, kinabana sahani, na kuanzia hapo kinatakiwa kielee katikati ya tundu la daraja bila kugusa popote. Nikapaka wino wa maka peni kuzunguka ukingo wake, nikacheza dakika mbili, nikatoa. Wino umefutika sehemu moja tu, kama upana wa punje ya mchele, na kwenye bati upande wa nyuma kuna mkwaruzo unang'aa kama shilingi mpya. Kumbe kinagusa mara moja kila mzunguko.

Wengi hapa wangekata bati kidogo kwa tupa wakamaliza, na kweli sauti ingeisha, miezi kadhaa hivi. Mimi nikajiuliza kwanini kiguse nyuma tu. Mota, leza na reli kwenye deki ile zimekaa juu ya raba nne ndogo za kumeza mtikisiko, na raba na joto la Dar miaka yote hiyo haviwezi kuelewana. Mbili za mbele bado zina uhai, mbili za nyuma, zile zilizo jirani na transfoma yenye joto, zimekuwa ngumu kama kokoto na zimebonyea karibu milimita moja. Mota ikainama nyuma, kitako kikainama nayo, sahani na kibanio vikafuata, ila daraja limefungwa kwenye fremu halikuinama. Lenzi ya watu haikuwa na kosa lolote.

Nikaagiza raba nne, sio mbili, maana ukichanganya mpya na za zamani umeanzisha mwinamo mwingine. Zilichukua siku tisa kufika, kuzifunga ni nusu saa. Bei ya raba zote haifiki hata ya chakula cha mchana cha watu wawili mjini, nilichochaji ni ufundi, na mzee hakubisha.

Nilimpelekea mwenyewe nyumbani. Akaweka CD, akaruka mpaka wimbo wa mwisho kama nilivyomfundisha kwenye simu, akainamisha sikio karibu na trei, kimya. Akatabasamu tukaagana. Usiku saa tano na robo simu inaita, ni yeye.

"Kijana wangu, deki safi. Sasa nasikia friji."