Kura ya wanawake wa Uingereza haikuwa zawadi ya vita

Kila muhula nasahihisha jibu lilelile: wanawake wa Uingereza walipewa kura mwaka 1918 kama shukrani kwa kazi waliyoifanya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vitabu vya marudio vinalirudia, wanafunzi wanalikariri, na linanikera kwa sababu linafuta miaka hamsini ya mapambano.

Isomeni sheria yenyewe. Kura walipewa wanawake waliotimiza miaka 30, tena kwa masharti ya nyumba (yao au ya waume zao) au shahada ya chuo kikuu. Sasa, viwandani walikuwamo akina nani? Wengi walikuwa mabinti wa miaka ishirini na kitu, wakijaza baruti kwenye makombora hadi ngozi zikageuka manjano. Binti wa miaka 22 alitoka huko bila kura. Kaka yake wa miaka 19 aliyekuwa vitani akaipata. Hiyo ni shukrani ya namna gani, inayomruka mwenye kazi? Na Ufaransa je? Wanawake wake nao walishika viwanda vita nzima, lakini Seneti ikaukataa muswada wao mwaka 1922, wakasubiri hadi 1944.

Kilicholisukuma Bunge la Uingereza ni daftari la wapiga kura. Wanajeshi waliokuwa ng'ambo walikuwa wamepoteza sifa ya ukaazi iliyohitajika ili kupiga kura, ikabidi sheria iandikwe upya. Wanawake wakaikuta nafasi hiyo wamekwisha kujipanga, tangu ombi lao aliloliwasilisha mbunge John Stuart Mill mwaka 1866. Umri wa 30 uliwekwa makusudi, wapiga kura wanawake wasije wakawazidi wanaume. Usawa ulipatikana 1928. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu: sheria yoyote ya kura, anzeni na kifungu cha umri na cha mali.

Eti wanawake wote waliodai kura walivunja vioo vya madirisha? Hapana. Hao ni wafuasi wa Emmeline Pankhurst, aliyeanzisha chama chake Manchester mwaka 1903. Muungano wa Millicent Fawcett ulikuwa na wanachama wengi zaidi, nao ulitumia mikutano na maombi.

Eti Uingereza ilitangulia? New Zealand ilifika 1893, baada ya Kate Sheppard na wenzake kukusanya sahihi karibu 32,000, nyingi zikiwa kwenye karatasi zilizogundishwa zikawa mkanda mmoja mrefu, ukakunjuliwa sakafuni bungeni.

Na Marekani, kura waliyoipata wanawake 1920 haikuwafikia wote. Alabama na majimbo mengine ya kusini yaliendelea kuwazuia wanawake weusi kwa kodi ya kulipa kabla ya kupiga kura na mitihani ya kusoma, mpaka Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965.