Kiwewe ni kitu gani hasa, na kwa nini Mjomba haupi mlango mgongo

Hili neno kiwewe siku hizi linatumika hovyo, timu ikifungwa tatu bila mtu anakwambia nina kiwewe, mvua ikimkuta kaanika korosho uwanjani kiwewe, mchumba kasepa kiwewe. Wazee walilitumia kwa ile hali ya mtu kuchanganyikiwa ghafla, kakutana na simba njiani akashindwa hata kupiga kelele, basi wanasema kashikwa na kiwewe. Watu wa afya ya akili wakalichukua hilohilo wakaliongezea uzito, kwao ni jeraha linalobaki ndani ya mtu baada ya kukutana na kitu kilichotishia uhai wake, na linaendelea kumsumbua hata kitu chenyewe kikiwa kimepita zamani. Yaani kwa sisi tunaomtazama kimepita. Kwa yeye bado.

Ntaelezea kupitia mtu mmoja ambae nimembadilisha kidogo ili asijulikane. Ni supavaiza wa ghala la korosho hapa Mtwara, vibarua wote tunamuita Mjomba, na huku kusini unajua mjomba ni nani, ndo mwenye dhamana ya watoto wa dada zake, akikaa vibaya ukoo mzima umekaa vibaya. Sasa huyu ndo mjomba hasa. Hafokei mtu, kibarua akiumwa anamtuma nyumbani na siku anamuandikia, chakula kikija yeye anachukua mwisho na bado anamega kumpa mwingine. Gunia la kilo 80 likimlemea kijana mpya anakuja kulishika upande wa pili bila kusema neno.

Miaka ya nyuma alikua anavuka Ruvuma kwenda kufanya biashara Msumbiji kama watu wengi wa huku. Vita ya Cabo Delgado, huo mkoa wa Msumbiji ng'ambo ya mto, ilianza tarehe 5 Oktoba 2017 waasi waliposhambulia mji wa Mocímboa da Praia, na sisi wenyewe tukaja kuionja Oktoba 2020 pale Kitaya, kijiji cha huku kwetu mpakani, kwaiyo hakuna mtu wa Mtwara asiyejua hao wanaoitwa mashababi ni watu gani. Mjomba walimkamata njiani wakakaa nae porini miezi kadhaa wakimbebesha mizigo, mpaka siku ya purukushani akapata upenyo akakimbia. Akarudi kakonda, ikasomwa dua, akachinjwa mbuzi, watu wakala, na baada ya pale kila mtu akachukulia yameisha.

Sasa tazama vizuri. Mjomba hakai akiupa mlango mgongo, hata kwa mama ntilie anahamisha benchi. Jioni anatuhesabu, sio mara moja, anahesabu tena na tena, na mmoja akitoka kwenda dukani bila kuaga anabadilika sura. Bodaboda ikipasuka ekzosi huko barabarani yeye keshachuchumaa nyuma ya magunia kabla hujageuza shingo. Wamama wakichemsha makopa, ile mihogo mikavu, hapo jirani anatoka nje kabisa anaenda kusimama barabarani, mimi nlidhani hayapendi tu, kumbe kule porini ndo walikua wanalishwa hayo kila siku ya Mungu. Usiku halali ndani, anatandika mkeka barazani. Na siku mwanae anatoka unyagoni, ngoma inalia, kina mama wanavunja nyonga, yeye kasimama pembeni kama mlinzi aliyekodiwa, kesho yake ananiambia, "Mpwa, nliona kila kitu ila sikusikia chochote moyoni."

Hayo yote yana mafungu yake ukienda kwa wataalamu. Kuna tukio kumrudia mtu, kwa ndoto au kwa harufu kama hiyo ya makopa. Kuna kukwepa kila kinachomkumbusha. Kuna mwili kukaa macho muda wote, huko kushtuka na kuhesabu watu. Na kuna ile ganzi, furaha inapita pembeni yake haimgusi, pamoja na mawazo mabaya juu yake mwenyewe. Yakikaa zaidi ya mwezi na yakavuruga maisha ndo inaitwa rasmi ugonjwa, kwa kifupi cha Kiingereza PTSD, na wengine hayaanzi mapema, inapita miezi sita na zaidi mtu yuko vizuri tu alafu siku moja yanaamka. Ila jua pia kwamba watu wengi wanaopitia mabaya wanarudi sawa wenyewe taratibu wakiwa na watu wao, kwaiyo usianze kumpachika kila mtu ugonjwa.

Kwa nini inakua hivo? Mimi naelewa kwa mfano wa stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa mkulima kuleta korosho ghalani akapewa karatasi ya mzigo wake. Mzigo ukiingia kihalali unapimwa, unaandikwa tarehe, jina la mwenye mali, unapangwa sehemu yake, siku ukiuhitaji unajua ni wa lini. Kumbukumbu ya kawaida inaingia kichwani hivohivo. Ile ya kutisha inaingia usiku mlango ukiwa umevunjwa, haina karatasi, haina tarehe, kwaiyo ikichomoza ubongo unaisoma kama mzigo wa leo. Na kuna sehemu ya ubongo, amigdala wanaiita, kazi yake kupiga filimbi kukiwa na hatari, sasa hiyo ikishakutana na mwizi wa kweli usiku mmoja, baada ya hapo hata paka akikatiza juu ya bati inapiga. Huwezi kuishauri iache. Ndo maana kumwambia mtu "sahau tu, jikaze mwanaume" haisaidii kitu, ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Jina la ugonjwa wenyewe liliingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam. Kabla ya hapo, vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walikua wanasema mshtuko wa makombora. Vita hiyohiyo ilipiganwa hapahapa kwetu, Mahiwa kule Lindi Oktoba 1917, na wapagazi waliobebeshwa mizigo mpaka wanadondoka sidhani kama kuna aliyewauliza wanalalaje usiku.

Kutekwa kuna kautofauti kake na ajali. Ajali inatokea dakika moja imeisha. Mateka anaishi ndani ya tukio, siku hadi siku, hana pa kukimbilia, uhai wake unategemea mood ya mtu mwenye bunduki. Ndo maana orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 imeweka fungu lake kwa kiwewe cha mateso ya muda mrefu, ambapo juu ya yale ya mwanzo mtu anashindwa kuongoza hisia zake, anajiona hana thamani, anabeba aibu na hatia, na kukaa karibu na watu kunamuwia kazi. Hatia hiyo inauma kuliko njaa ya porini. Mbona mimi nimerudi na fulani hajarudi. Mbona nilibeba yale mabegi, ndani kulikua na nini.

Hapo ndo nlipopata jibu la upole wa Mjomba, na naomba nieleweke, sisemi upole wake ni ugonjwa, alikua mtu mwema kabla hajavuka mto wowote. Ila ule uwezo wa kusoma uso wa kijana akajua huyu leo ana msiba kabla hajafungua mdomo, ameukomaza kule, kwa kusoma nyuso za watu ambao akikosea kuwasoma anakufa. Na kutuhesabu jioni ni kwa sababu kuna jioni hesabu haikutimia. Sisi tunakula matunda ya kitu kinachomla yeye, na kwa vile hagombani wala haokoti makopo hakuna anaeshtuka, kichwani mwetu mgonjwa wa akili lazima atembee uchi sokoni.

Cha kufanya? Kwanza msimlazimishe kusimulia, ile tabia ya "Mjomba hebu tupe ile stori ya porini" huku watu wanatafuna korosho, acheni. Akitaka kuongea atachagua mtu na saa yake, wewe sikiliza, usimkatishe na ya kwako. Usimshike bega kwa nyuma. Ratiba ikibadilika mwambie mapema. Mpunguzieni mzigo pia, msaidizi wa kushika daftari angalau siku mbili kwa wiki, maana anaetunza kila mtu hana wa kumtunza. Muangalieni sana msimu wa mabibo, uraka na nipa, hizo pombe za mabibo, vinapatikana kila kona na mtu asiyelala anaweza kuvigeuza kuwa dawa ya usingizi, vinamlaza kweli alafu saa tisa vinamuamsha na ndoto mbaya zaidi.

Na kuna tiba. Dua na kisomo kama vinampa utulivu aendelee navyo, hospitali haikatazi. Kule wanatumia zaidi maongezi ya utaratibu maalum, kuna njia moja naipenda sana, mtu anatandaziwa kamba chini kama maisha yake tangu kuzaliwa, anaweka maua sehemu za heri na mawe sehemu za shari, alafu taratibu, kwa vikao kadhaa, anasimulia jiwe kwa jiwe na mtaalamu, kila jiwe linapata mahali na mwaka wake. Yaani ule mzigo wa usiku unaandikiwa stakabadhi. Zipo na dawa kama sertraline kwa anaezihitaji. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, ulizia huduma ya afya ya akili. Akianza kusema bora angekufa kule, hiyo ni ya kumpeleka siku hiyohiyo na usimuache peke yake.

Mjomba alikuja kuniambia mwaka jana, tukiwa wawili kwenye mizani, kwamba mlango wa ghala ukifungwa na yeye yuko ndani anaishiwa pumzi. Hilo tu, basi, akaendelea kupima. Jioni ileile nikatafuta jiwe kubwa nikauegemeza mlango usijifunge na upepo. Kibarua mpya siku hizi akija anaonyeshwa mizani, anaonyeshwa choo, anaambiwa jiwe la mlangoni haliguswi.