Ngamiani Hakuna Ngamia: Dhana Potofu Kuhusu Sanaa ya Kumbukumbu za Mtaa

Mgeni akiuliza njia Ngamiani, Tanga, huelekezwa kwa hesabu: shika barabara ya nane, vuka ya tisa, ukifika ya kumi na mbili ulizia. Mitaa ina namba, na namba haisimulii kitu. Jina lenyewe la Ngamiani limebeba mnyama ambaye hayupo tena. Hadithi zimebaki kwa watu wanaoishi humo, na wakiondoka huondoka nazo. Ndiyo maana kazi ya kuchora, kushona au kuigiza kumbukumbu za mtaa naiona kuwa jambo zito hapa kwetu, na huniuma inapoeleweka visivyo. Nimeshiriki kazi ya ukuta katika mojawapo ya barabara hizo. Mengi ninayoyajibu hapa niliyasikia nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi.

"Ni kupaka ukuta rangi ili upendeze"

Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi, na hata sisi ilitushika. Mchoro wetu wa kwanza ulikuwa na minazi, jahazi na jua linalozama. Ulipendeza kweli. Bibi mmoja anayekaa mkabala na ukuta akatuita. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, hapa mlipochora ni wapi?" Tukamjibu ni Tanga. "Minazi hata Mtwara ipo," akasema. "Bomba letu liko wapi?"

Alikuwa na maana ya bomba la mtaa lililokuwa pale pembeni zamani, ambako wanawake walipanga ndoo foleni tangu alfajiri. Ugomvi ulianzia pale, posa zilianzia pale, na habari ya msiba ilifika pale kabla ya kufika msikitini. Watoto wa leo hawalijui. Tukaweka brashi chini. Kwa wiki tatu tulikuwa tukiuliza tu: kibarazani baada ya alasiri, kwa fundi cherehani, kwa mama anayekaanga samaki jioni. Tulirudi na michoro ya penseli, watu wakaisahihisha. Mzee mmoja alitufutisha mlango mzima kwa sababu tuliuchora ukifungukia nje, na nyumba ile mlango wake ulifungukia ndani.

Kwa hiyo ukiniuliza kazi ile ilichukua muda gani, nitakwambia karibu mwezi, na siku za rangi zilikuwa nane. Wenzetu wa mbali nao walianza hivyo hivyo. Huko Los Angeles, Marekani, msanii Judy Baca alianza mwaka 1976 kuchora na vijana wa mitaani kwenye ukuta wa mfereji wa mafuriko. Ukuta huo, Great Wall of Los Angeles, ulifika takriban mita 840, na vijana zaidi ya 400 walipitia kazi hiyo. Walichora historia ya California kwa upande wa watu walioachwa nje ya vitabu, wakiwamo Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Usingeweza kuchora hayo bila kwanza kukaa na kusikiliza.

"Sanaa hii ni ya kuletwa, kwetu haikuwepo"

Chukua kanga. Ina pindo kuzunguka kingo nne, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na sehemu yake ya kati tunaiita mji. Mji! Kabla hatujasikia neno mradi, mwanamke wa pwani alishajifunga mji kiunoni na kuchagua jina la kumwambia jirani bila kufungua kinywa. Taarabu nayo imefanya kazi hiyo. Wakati vikundi vya Black Star na Lucky Star vya hapa Tanga vilipokuwa juu, watu walijua wimbo ulikuwa unamjibu nani. Kinachokosekana kwetu mara nyingi ni watu wa kuziheshimu sanaa hizo kama kumbukumbu. Kanga ya marehemu shangazi hugeuzwa tambara la kupangusia meza, na jina lake hakuna aliyeliandika.

"Utambulisho wa Tanga ni mmoja, na wenyewe wanajulikana"

Hapa ndipo tulipogombana, na nitakaa hapa kidogo.

Ni kweli kuna Wadigo, Wasegeju, Wabondei, na Wasambaa walioshuka kutoka milimani. Lakini mji huu ulikuzwa pia na reli na mkonge. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida; kati ya miche aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyopona. Kutokana na miche hiyo yalikuja mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani, na mwaka 1964 mavuno yalifika kiasi cha tani 230,000. Nani alikata majani hayo? Manamba. Watu waliletwa kwa mkataba kutoka Songea, Njombe, Kigoma, hadi Burundi. Waliitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengi mkataba ulipokwisha hawakurudi kwao. Walioa, walijenga, na wajukuu wao leo wanaongea Kiswahili cha Tanga kama mimi.

Tulipotaka kumchora manamba, mzee mmoja anayeheshimika alikataa. Alisema mtaa ni wa wenyeji, na wale walikuwa watu wa mashambani. Siku ya pili mama mmoja akaja na kipande cha babu yake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, amekikunja ndani ya khanga kuukuu. Hakusema maneno mengi. Alitaka tu kujua kama ukuta una nafasi.

Tulikichora kipande. Yule mzee hakufurahi, na mpaka leo akipita pale hageuzi uso kuutazama ukuta. Sidhani kama ana wajibu wa kufurahi. Ila sikubali kwamba amani ya mtaa inanunuliwa kwa kumfuta mtu. Watu husema "Tanga, waja leo waondoka leo", na wako walioondoka kweli. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora kwa rangi za madukani kwenye vipande vya hardboard, bila kusomea sanaa popote. Yeye aliondoka. Babu wa yule mama alikaa. Wote wawili ni wa historia ya hapa.

"Kuchora mji bora ni ndoto za watoto"

Tuliwapa watoto wa mtaa karatasi, tukawaambia wachore Tanga wanayoitaka. Zikaja ghorofa ndefu na madaraja ya juu ya Dar es Salaam waliyoyaona kwenye runinga. Dada mmoja kati yetu akabadili swali: chora njia yako ya kwenda shule jinsi ungependa iwe. Ghorofa zikatoweka. Ukaja mwembe wenye kivuli, mtaro uliofunikwa, mahali pa kuvukia bila kukimbia bodaboda, na kibaraza cha bibi chenye taa.

Karatasi zile ningefurahi zikae mezani kwa mpanga miji. Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332, na ile ya 2022 ikahesabu 393,429. Hao ni watu zaidi ya 120,000 walioongezeka katika miaka 10, na kila mmoja anahitaji kivuli.

Kuuwaza mji ambao haupo ni jadi ya hapa hapa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, nje kidogo ya mji huu, mwaka 1909. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, aliumba nchi iliyo angani, akamsimamisha Karama mbele ya baraza kujibu mashtaka kwa kutaka kufundisha sheria. Karama alijitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kuleta mema ya nchi nyingine, wakarudi wakaadhibiwa. Nani atamwambia Shaaban kwamba zile zilikuwa ndoto za watoto?

"Msanii wa mtaa anajitolea, posho ya nini"

Rangi inauzwa, ngazi inakodiwa, na siku ya msanii nayo ina thamani yake. Mchoro uliochorwa mtaani una hakimiliki kama mwingine wowote. Sheria yetu ya mwaka 1999 haikusema kazi ya bure haina mwenyewe. Anayetaka kuuweka kwenye tangazo lake la biashara aombe kwanza.

"Rangi ikibabuka, kazi imekufa"

Kuta nyingi za zamani za pwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu kutoka chini, na unyevu hupanda na chumvi. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, ukuta unakosa pa kupumulia. Chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma itoke maganda maganda. Inafaa rangi ya chokaa, baada ya kukwangua, kupiga msasa na kuacha plasta ikauke sawasawa. Sisi upande mmoja tulifanya haraka kwa sababu masika ilikuwa imekaribia, na tumelipia.

Lakini hata ukuta uliochorwa vizuri una umri. Huko Chicago, mwaka 1967, wasanii weusi walichora Wall of Respect kwenye jengo la mtaani kwao, wakaweka sura za watu waliowaheshimu. Majirani waliulinda, na baadhi ya sehemu zilichorwa upya mambo yalipobadilika. Moto ulilipata jengo mwaka 1971, likabomolewa. Mfano ule ulishaenea, na miji mingine ya Marekani ikawa inachora kuta zake.

Wetu umepita masika mbili. Kipande cha babu bado kinasomeka. Bomba limebabuka nusu, na ndoo ya tatu kwenye foleni haionekani tena. Yule bibi ameshatuita. Anasema tutakapolirudia, foleni tuifanye ndefu zaidi, maana tulimsahau shoga yake aliyekuwa akija wa kwanza kila siku.